Jicho la Kushoto la Mheshimiwa

Nchi ninayoisimulia haiko mbali, wala haiko karibu. Ukiondoka kwako asubuhi kwenda kuitafuta, unaweza kushangaa kwamba hujavuka hata mtaa na tayari umeshaulizwa kitambulisho. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mabonde, ina mihogo, na ina kituo kimoja cha televisheni, ambacho wananchi wanakipenda kwa sababu hawajapata kuona kingine.

Mimi nilikuwa fundi redio katika nchi hiyo. Sikusomea. Nilianza kwa kuifungua redio ya mjomba, nikairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Tangu siku hiyo sina haraka ya kusema kipi kinahitajika na kipi hakihitajiki. Nikisimulia mambo ya serikali yetu, msomaji asinione ninalaumu. Huenda kuna skrubu ambayo mimi siioni kazi yake.

*

Mtukufu, Kiongozi wetu Mkuu, hapendi karatasi. Anasema karatasi hughushiwa, simu husikika vibaya, na mdomo wa mtu husema unachotaka wenyewe. Zamani alimfukuza waziri mmoja kwa barua. Waziri yule akaja kwenye kikao cha baraza kama kawaida, akavuta kiti, akajimiminia chai, na alipoulizwa akasema barua hajaiona. Ikatafutwa. Ikakutwa kantini ya wizara, imefungiwa maandazi. Mtukufu alimwangalia waziri akimaliza kikombe chake taratibu, na wiki hiyohiyo ikatungwa Sheria ya Kushuhudia kwa Macho.

Sheria yenyewe ni fupi na ina busara yake. Inasema kwamba uteuzi na utenguzi wote utasomwa kwenye taarifa ya habari ya saa kumi alasiri, na utaanza kufanya kazi pale tu mhusika atakapouona mwenyewe, kwa macho yake, mubashara. Marudio hayahesabiki, kwa kuwa yanaweza kuchezewa. Baadaye sheria ikapanuliwa ili iguse mambo mengine yenye utata, kama vile pensheni za watu wanaodhaniwa kuwa hai, na vizazi vyenye kasoro.

Kilichofuata hakikutarajiwa na waliotunga sheria, ingawa kilitarajiwa na kila mtu mwingine. Viongozi waliacha kutazama televisheni. Mawaziri waliuza zao kwa bei ya viti vya plastiki. Makatibu wakuu waliwagawia wakwe. Mkuu mmoja wa mkoa aliing'oa ya kwake sehemu za ndani akafugia sungura. Ukipita mitaa ya wakubwa saa kumi alasiri ulisikia kimya, na ndani ya kimya hicho ulisikia viatu vya waheshimiwa vikienda na kurudi sebuleni, vikienda na kurudi.

Na kwa kuwa aliyetenguliwa asipoona hajatenguliwa, jina lake lilisomwa tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka atakapoona. Uteuzi ulisomwa mara moja tu, maana hakuna aliyewahi kuukosa. Na mtu akiukosa, nafasi inakwenda kwa anayemfuata. Orodha ya utenguzi ikarefuka. Ikafika mahali taarifa ya habari haikuwa na habari tena. Mafuriko yalisubiri nafasi, na ushindi wa timu ya taifa ulitangazwa wachezaji wakiwa wameshastaafu.

*

Hapo ndipo ilipoundwa Idara ya Utazamishaji, na mimi nikaajiriwa kuwa Mtazamishaji. Kazi yetu ilikuwa kumfuata mhusika popote alipo na kumwekea taarifa ya habari mbele ya uso.

Tulipewa kompyuta mpakato ndogo, ya ukubwa wa sinia ya kahawa, na kisimbuzi cha kuchomeka kwenye tundu la USB, chembamba kama kidole, ambacho sisi wenyewe tulikiita kijiti. Kwenye kijiti kunachomekwa antena ya waya yenye kitako cha sumaku. Unachomeka, unaiambia kompyuta itafute stesheni, unasubiri ule mstari wa kijani utembee, na Mungu akipenda, serikali inatokea kwenye kioo.

Kila Mtazamishaji alijifunza tabia za kijiti chake. Changu kilikuwa kinapata joto upesi, nikawa nakiegemeza kwenye chupa ya maji ya baridi. Antena nayo ilishika vizuri zaidi nikiisimamisha juu ya mfuniko wa kopo la biskuti. Nilijaribu mifuniko mingi, na wa biskuti za tangawizi ndio ulionifaa.

Siku ya kukabidhiwa vifaa alikuja Mkurugenzi mwenyewe, Dakta Pazi Kiango, mtu mwenye sauti ya kuzindua madaraja. Alikinyanyua kijiti juu ya kichwa chake.

"Ndugu Watazamishaji! Adui wa taifa hili si njaa! Si maradhi! Adui wa taifa hili ni mtu anayetazama pembeni!"

Tukapiga makofi.

"Kifaa hiki ni kidogo, lakini serikali iliyomo ndani yake ni kubwa! Anayekiona kidogo, tatizo ni macho yake, na macho ya wananchi, kuanzia leo, yako chini ya idara yangu!"

Tukapiga makofi tena, safari hii huku tukipepesa.

Kisha akatusomea kanuni. Mhusika akifikiwa saa kumi, lazima aketi. Kukataa ni kosa la jela. Kuharibu picha kwa makusudi ni jela pia. Lakini picha ikiganda yenyewe, au kioo kikiandika *Hakuna Mawimbi*, hiyo ni kazi ya Mungu, na Mungu hajawahi kutenguliwa. Mwisho, macho ya mhusika lazima yawe wazi jina lake linaposomwa, na kuhusu hilo neno la Mtazamishaji ndilo la mwisho. Akisema mtu kaona, kaona.

Nilifanya kazi vizuri. Kamishna mmoja nilimkuta kwa kinyozi, mapovu usoni. Aliketi, maana alikuwa ameketi tayari. Aliona, akajifuta, akaniambia asante, akaondoka kwa miguu, kwa sababu dereva wake naye alikuwa anachungulia dirishani na alishaondoka na gari.

Halafu nikatumwa Makorongo.

*

Wilaya ya Makorongo ndiyo inayogombewa kuliko zote. Haina barabara ya lami na haina soko, lakini iko chini bondeni, na mawimbi ya televisheni yanapita juu yake kama ndege wanaokwenda kwingine. Mtu akiteuliwa kuwa mkuu wa wilaya hiyo, ndugu zake huchinja.

Mkuu wa Wilaya alikuwa Mheshimiwa Gervas Lutengano. Alikuwa ametenguliwa kitambo kwa kosa la kupiga makofi Mtukufu akiwa katikati ya sentensi. Yeye alidhani sentensi imekwisha. Jina lake lilisomwa kila siku na hakuliona. Alipanga mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka bonde lote, pale mawimbi yanapoanzia, na hakuwahi kuvuka mawe hayo. Vijiji vilivyo juu ya mstari havikuwa na serikali tangu wakati huo. Nilipopita niliwauliza hali zao. Walisema wanaendelea vizuri na wakaniomba nisiseme.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Binti yangu Mwasiti ameolewa Makorongo, alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe dereva wa lori alikuwa safarini. Makorongo kuna wodi ya wazazi mpya, bati linameta, vitanda bado vimo kwenye nailoni. Mlangoni pamefungwa utepe mwekundu. Wodi hiyo ilikuwa haijazinduliwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya hafanyi sherehe, kwa kuwa penye sherehe hufika watu wa televisheni. Mrithi wake naye alikuwa hawezi kuingia kazini kabla yeye hajatoka. Kina mama wakawa wanajifungulia barazani kwa Bwana Mifugo, kwenye meza ya kuchanjia mbuzi.

Nilimkuta Mwasiti kwenye baraza hiyo, amekaa kwenye benchi, tumbo kubwa, miguu imevimba. Nesi Bupe, mkunga, alikuwa anaisugua meza kwa sabuni.

"Baba," Mwasiti akasema, "umekuja kuniona mimi, au umekuja kumwonesha yule?"

"Vyote viwili, mwanangu."

"Basi anza na chenye haraka. Jana nilishikwa na maumivu, nikaambiwa nisubiri kidogo, kuna mbuzi kumi na moja mbele yangu."

"Yalikuwa ya uongo hayo maumivu," Nesi Bupe akasema bila kugeuka. "Ya kweli hayataulizia foleni. Mzee Chande, siwezi kukudanganya. Mtoto kakaa vibaya. Hapa juu ya meza, upepo huu, kwato hizi, mimi sitaki kumzalisha. Mle ndani kuna kitanda cha kupandisha na kushusha, kuna mashine ya kumnyonya mtoto ute, kuna taa. Nimezipanga mwenyewe kabla hawajafunga. Nipatie ufunguo."

"Mlango hauwezi kuvunjwa?" nikauliza. Nilijua si swali zuri kwa mtumishi.

"Aliyejaribu kufungua dirisha yuko rumande kwa kuzindua bila kibali."

*

Nyumba ya Mkuu wa Wilaya inatazamana na wodi, na baraza ya Bwana Mifugo iko kando ya barabara inayozitenganisha. Mheshimiwa Lutengano alinipokea mlangoni mwenyewe. Ni mtu mnene, mchangamfu, kila akicheka mwili wote unashiriki.

"Fundi! Karibu, karibu sana. Tena na kompyuta yako! Mama Neema, mwongezee mgeni samaki. Hapa kwetu, Fundi, hata redio inasinzia."

Mkewe akaleta ndizi na samaki. Saa kumi ilipokaribia Mheshimiwa aliketi bila kulazimishwa, akakunja mikono kama mwanafunzi. Nikachomeka kijiti. Mstari wa kijani ukatembea, ukafika mwisho. *Hakuna Mawimbi.*

"Pole," akasema, na nadhani alinihurumia kweli. "Umetoka mbali."

"Mheshimiwa, labda tungeipeleka kompyuta kule mlimani."

"Ipeleke. Mimi nina magoti."

"Basi nilikuwa naomba jambo lingine. Ule ufunguo wa wodi."

Akaacha kucheka. Akaushika mfuko wake wa suruali. "Fundi, nikikupa ufunguo nimezindua bila sherehe, hilo ni kosa. Nikifanya sherehe nimekwisha. Mimi nina watoto wanasoma. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Hiyo ndiyo shida yangu, huwa nawaelewa watu. Nilimwambia mwanangu yuko barazani. Akainama, akaichezea mifupa ya samaki kwenye sahani.

"Mungu atamsaidia," akasema. "Mpelekee ndizi hizi."

*

Kuanzia hapo sikukaa kitako. Nilizunguka na kompyuta mikononi, kijiti kikining'inia, mfuniko wa biskuti nimeubeba kwapani. Nilipima kwenye kichuguu, kwenye tangi la maji, juu ya ukuta wa shule. Watu wa Makorongo walinizoea, wakawa wananiuliza kama nimempata ng'ombe wangu. Kila nikisikia sauti kutoka barazani nilikimbia, nikakuta ni mbuzi, nikarudi. Usingizi ulinikataa, na nikikaa kula, mguu wangu unagonga sakafu wenyewe.

Nilichogundua nilikigundua kwa kuchoka. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya Mkuu wa Wilaya, nje ya dirisha la chumba cha kulia, kompyuta imo mapajani. Kioo kikawaka ghafla. Nikamwona mtangazaji, uso wake umekatikakatika vipande kama vigae, mdomo uko kwenye shavu, lakini ni yeye. Nikanyanyuka nikasogea hatua moja, akapotea. Nikarudi, akarudi. Nikainua macho kutazama mbele yangu kuna nini. Lilikuwepo bati la wodi ya wazazi, jipya, linameta. Mawimbi yalikuwa yanapita juu, yanagonga bati lile, yanaingia moja kwa moja kwenye dirisha la Mheshimiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelijenga pale. Nilikumbuka alivyosema kwamba Mungu atasaidia, nikafikiri labda alikuwa na maana.

Kesho yake nikarudi na kompyuta. Mheshimiwa akaketi mezani, akatabasamu, akakunja mikono. Nikaisogeza meza mpaka dirishani.

"Kwani hapa pana nini?" akauliza.

"Pana hewa, Mheshimiwa."

Saa kumi. Mtangazaji akatokea, vipande vipande. Tabasamu la Mheshimiwa likaondoka. Nikaishika antena kwa vidole, maana nilikuwa nimeshajua kwamba mwili wa mtu ukiungana na waya, picha hutulia. Vigae vikaanza kukaa mahali pake. Mama Neema akaacha sahani, akaja kusimama nyuma yetu.

"Mtukufu ametengua uteuzi wa wafuatao," akasema mtangazaji, na kuanza herufi ya A kwa sauti ya mtu aliyechoka maisha.

Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka barazani, na safari hii haikuwa ya mbuzi.

"Babaaa!"

"Mzee Chande!" Nesi Bupe akapiga kelele kuvuka barabara. "Ndiyo yenyewe! Ufunguo!"

Mkono wangu ukaanza kutetemeka. Picha nayo ikatetemeka. Mtangazaji akawa na macho manne.

"Mheshimiwa, nakuomba. Nipe ufunguo, nitarudi hapa hapa."

"Ukitoka na waya, picha inaganda?" akauliza.

"Inaganda."

"Basi nenda zako, Fundi! Nenda kwa mwanao!"

"Na ufunguo?"

Akaushika mfuko. Nje, Mwasiti akaita tena. Niliendelea kusimama pale na waya mkononi, mguu mmoja umeelekea mlangoni. Mtangazaji alikuwa kwenye D. Sikuwa naona njia nyingine: aone atoke, ufunguo ubaki mezani kwa serikali, na serikali pale ndani ilikuwa mimi. Lakini picha ilikuwa inavunjika kwa sababu ya mkono wangu.

Mheshimiwa alikuwa anautazama mkono huo kwa makini. Uso wake ukang'aa.

"Fundi, unatetemeka. Wewe ni mzazi, una wasiwasi. Lete nikushikie."

Nadhani alitaka kuivuruga antena kwa upole, kiasi ambacho sheria isingekiona. Aliinyakua akaibana kwenye kiganja chake kipana. Picha ikatulia tuli. Sijawahi kuona picha safi kama ile katika kazi yangu yote. Mwili wake ulikuwa antena ambayo hakuna kiwanda kimewahi kuitengeneza. Kitufe cha shati la mtangazaji kilionekana, na uzi uliokilegeza.

Akaitikisa. Ikazidi kung'aa. Akaiinua juu, rangi zikakolea.

"Iachie," akasema mwenyewe, akajibu mwenyewe, "nikiiachia ni jela."

Mtangazaji akafika H. Mheshimiwa akafumba macho. Mkono mmoja ulikuwa na waya, kwa hiyo akaziba sikio moja, na kwa ajili ya sikio la pili akaanza kuimba wimbo wa shule ya msingi kwa sauti ya juu kabisa.

Mimi nilikuwa natazama kioo kwa jicho moja na mlango kwa jingine. Mtangazaji akasoma J, akasoma K, akasoma M. Nikadhani nimesikia vibaya. L haikuwa na mtu. Akamaliza orodha, akanywa maji, akafunua ukurasa mwingine.

"Wakati huohuo, Mtukufu, akizingatia uzoefu wa muda mrefu wa kukaa katika nafasi yake bila kuyumba, amemteua Ndugu Gervas Lutengano kuwa Waziri wa Uwazi."

Mama Neema akapiga kigelegele. "Baba Neema! Fumbua macho! Waziri!"

"Sifumbui!" Mheshimiwa akakatiza wimbo. "Hata wewe wamekununua!"

"Fumbua, mwanamume wewe! Uwaziri huo unapita!"

"Nimekaa na wewe miaka yote hii, Adelina, kumbe una moyo huo!" Akaendelea kuimba.

Akaja kufumbua macho pale mkewe alipompiga kwa mwiko. Kwenye kioo lilikuwapo tangazo la sabuni.

*

Walinigeukia wote wawili. Nje, sauti ya Mwasiti ilikuwa imeshuka, ikawa nzito, na hiyo ilinitisha kuliko kelele.

"Fundi," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo. "Niliona?"

"Ulikuwa umefumba macho, Mheshimiwa."

"Yote mawili?"

Mimi si mtu wa kukimbilia kuhukumu. Nilijaribu kukumbuka kwa utaratibu: uso, nyusi, jicho moja moja.

"Najaribu kukumbuka," nikasema. "Lakini kumbukumbu yangu inasumbuliwa na sauti ile ya nje. Nadhani ingekuwa inatokea ndani ya wodi, ningekumbuka vizuri zaidi."

Mama Neema ndiye aliyeelewa kwanza. Aliutia mkono mwenyewe kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, akautoa ufunguo, akaubandika kwenye kiganja changu.

"Kumbuka, baba," akasema. "Kumbuka haraka."

"Jicho la kushoto," nikasema nikiwa mlangoni, "lilicheza."

"Lilicheza sana!" akapiga kelele Mheshimiwa nyuma yangu. "Nililisikia! Lilikuwa wazi kabisa hili jicho!"

Nikakimbia. Nesi Bupe alikuwa ameshamfikisha Mwasiti mlangoni mwa wodi, akimshikilia kiuno. Kufuli ikakubali. Mlango ukafunguka kuelekea ndani, na utepe mwekundu ukabaki pale pale, umevuka mlango usawa wa kifua.

"Usiuguse!" Nesi Bupe akanikataza. "Ukikatika tumezindua. Pita chini."

Mwanangu akainama na tumbo lake, akishika fremu ya mlango, akapita chini ya utepe. Nesi akapita. Mlango ukafungwa mbele yangu. Nikasikia nailoni ikichanwa. Kompyuta ilikuwa kwapani, sijui niliibeba saa ngapi, na kijiti kilikuwa kinanichoma mbavu. Nikawa naenda na kurudi mbele ya mlango, nikienda na kurudi, kama waziri, mpaka niliposikia mtu mpya analia.

Ni msichana. Mwasiti amemwita Tunu.

*

Waziri wa Uwazi ameshahamia makao makuu. Nimesikia anafanya vizuri, na nyumba yake mpya iko chini ya daraja, ambako mawimbi hayafiki. Kwa kuwa hakuwahi kuona utenguzi wake wa Makorongo, bado ni Mkuu wa Wilaya pia, na wodi haijazinduliwa. Kina mama wanaitumia. Wanapita chini ya utepe, na manesi wa pale unawajua hata mtaani, kwa jinsi wanavyoinama wakiingia dukani.

Tatizo dogo limetokea kwa Tunu. Nilimpeleka kwa Msajili wa Vizazi, kijana mstaarabu. Alinieleza polepole, kwa upole, kama anavyopaswa kuelezwa mzee.

"Jengo halijazinduliwa, kwa hiyo hakuna aliyeingia. Kama hakuna aliyeingia, mzee wangu, hakuna aliyezaliwa humo."

"Lakini huyu hapa."

"Namwona. Ila mimi si mhusika." Akamtekenya Tunu kidevuni. "Hiki ni kizazi chenye kasoro. Kitasomwa kwenye taarifa ya habari, mara moja tu, kama uteuzi. Mhusika akiona mwenyewe, macho wazi, mbele ya Mtazamishaji, basi kazaliwa. Asipoona..." Akafungua mikono.

"Atakuwa nini?"

"Hilo halijawahi kuulizwa," akasema, na nikaona amependezwa nalo.

Bila kuzaliwa hakuna kliniki, hakuna chanjo, na baadaye hakuna shule. Kwa hiyo kila siku kabla ya saa kumi nilikuwa naenda kwa mwanangu na kompyuta. Niliweka mfuniko wa biskuti dirishani, upande wa bati la wodi, nikaegemeza kijiti kwenye chupa ya maji, na Mwasiti akamkalisha Tunu mapajani, uso kwenye kioo. Tunu alikuwa mtazamaji mzuri. Aliyakodoa macho yale makubwa, akawatazama makamishna na wakurugenzi wote, herufi kwa herufi, na waliotenguliwa kwa wizi aliwachekea. Mimi nilishika waya. Mkono niliukandamiza kwenye goti ili picha isivunjike.

Jana walimsoma. Ilikuwa mwisho kabisa wa taarifa, baada ya mafuriko ya mwaka juzi.

"Tunu, binti wa Mwasiti, wa Makorongo," akasema mtangazaji, na picha ilikuwa safi.

Tunu alikuwa amelala. Alikuwa ametoka kunyonya, mdomo uko wazi, maziwa yanamtoka pembeni, amelala usingizi wa mtu asiyedaiwa na serikali yoyote. Mwasiti alimtikisa. "Tunu! Tunu, mama, amka!" Likaja tangazo la sabuni.

Mwasiti akaniangalia. Alikuwa amemshika mtoto kama wanakuja kumchukua.

Nikaiachia waya, picha ikaganda. Nikapiga magoti mbele yao, nikauinamia ule uso mdogo, nikautazama kwa muda mrefu, maana mimi si mtu wa kukimbilia uamuzi, na neno langu ndilo la mwisho.

Jicho la kushoto lilicheza.